Walitunza negativu za baba, wakatupa majina

Niliapa nisiandike chochote mpaka hasira ziishe. Haziishi, kwa hiyo naandika nikiwa nazo. Mnivumilie nikipandisha sauti katikati.

Ni habari ya maktaba ya mkoa, kile kitengo chao cha kumbukumbu za mahali. Upande wa vitabu vya kuazima sina ugomvi nao. Nazungumzia chumba cha nyuma wanakokusanya vitu vya watu wa hapahapa: magazeti yaliyokufa zamani, mihtasari ya vikao vya vyama, vipeperushi vya mikutano, kadi za mialiko, kanda za wazee wakisimulia, picha.

Marehemu baba alikuwa mpiga picha wa studio kwa zaidi ya miaka 30. Aliacha maboksi mawili ya negativu, yaani zile filamu ambazo picha husafishwa kutoka kwake. Kila mteja alikuwa na bahasha yake ya kaki, na juu yake baba ameandika kwa mkono: jina la aliyepigwa, jina la aliyelipa kama ni mtu mwingine, nakala ngapi, halafu neno moja au mawili ya kujikumbusha. "Anasafiri." "Mahafali." "Mtoto kakataa kukaa." Mwandiko wake umelalia kulia, na mkia wa R unaburuzwa mpaka chini ya herufi inayofuata. Ningeutambua popote.

Sikumbuki vizuri kama ni mwaka juzi au mwanzoni mwa mwaka jana, nilipeleka boksi moja maktaba. Na niseme ukweli, siku ile nilitoka pale nimefurahi kuliko nilivyofurahi kwenye ofisi yoyote maishani. Alinipokea mama mmoja mtu mzima, mhifadhi wa siku nyingi. Alinawa mikono, akaifuta mpaka ikakauka, akafungua boksi asiguse kitu. Aliinama akanusa. Nikashangaa. Akaniambia, "Njoo na wewe unuse, mwanangu." Nikainama. Akauliza kama nasikia harufu ya siki. Sikuisikia. "Bado ziko salama," akasema.

Ndipo akanieleza kwamba filamu za zamani za asetati, aina fulani ya plastiki, zikianza kuoza hutoa asidi ileile ya siki, na asidi hiyo huharakisha uozo wa filamu yenyewe na kuambukiza za jirani, kwa hiyo boksi linalonuka hutengwa mara moja. Zinajikunja, zinajikausha, na zikifika huko hazirudi. Dawa yake ni baridi, hewa kavu isiyopanda na kushuka, na kuwahi. Aliniuliza maswali ambayo sikutegemea mtu wa maktaba ayaulize: nani mwenye haki ya picha hizi, je, picha za watoto zionyeshwe kwa yeyote, wenyewe wakija kudai nakala wapewe vipi. Akaandika boksi kwenye rejista ya mapokezi, akanipa namba, tukasaini karatasi mbili, moja yake, moja yangu. Alisoma bahasha chache kwa sauti ya chini kama anayesoma barua. Nikajisemea baba amepata pa kulala.

Nyota tano. Kama ningeandika siku ile, hiyo ndiyo ingekuwa hukumu yangu na ningeapa juu yake.

Miezi ikapita, mingi tu. Jirani yetu mmoja, mwanamke wa makamo, akanijia nyumbani. Mama yake alifariki yeye akiwa na siku chache tu duniani. Hana picha ya mama yake hata moja, hajawahi kuiona sura yake. Ila bibi yake, kabla hajafa, alimwambia kwamba mama yake alipigwa picha studio kwa baba yangu, amesimama, akiwa na mimba. Mimba yenyewe ndiyo yeye. Nakala zilipotea katika kuhama. Nikamwambia usilie, jina la mama yako litakuwa kwenye bahasha, twende.

Tukaenda. Mezani chumba cha kusomea nikamkuta kijana ambaye sikuwahi kumwona. Nikampa namba yangu ya mapokezi. Akaleta boksi, na sikulitambua. Jipya, la kijivu, safi. Ndani yake bahasha nyeupe zimepangwa kwa ukubwa, kubwa nyuma, ndogo mbele, kila moja ina namba ya penseli pembeni. Nikafunua ya kwanza, ya pili, ya kumi. Namba tupu.

Nikamuuliza, "Bahasha za baba ziko wapi?"

"Zile chafu? Tulizitupa. Zina asidi, zinaharibu filamu."

Nikadhani sijamsikia. Nikarudia. Akanijibu huku anaangalia skrini yake, "Mama, wewe ulileta picha. Picha zipo zote, hesabu."

Hesabu! Jirani yangu kasimama pembeni yangu, mkoba kaukumbatia kifuani, ananiangalia mimi nimjibu. Nikamwambia yule kijana majina yalikuwa kwenye bahasha. Akasema, kwa maneno yake, kama nilitaka bahasha ningebaki nazo. Halafu akanyanyua simu iliyokuwa inaita.

Nimelirudia lile jibu kichwani nikipika, nikioga, nikiwa kitandani. Na kinachoniumiza zaidi ni kwamba kwa nusu yule kijana yuko sahihi. Ni kweli karatasi ya kaki si rafiki wa filamu. Karatasi nyingi zilizotengenezwa tangu katikati ya karne ya 19, zama za karatasi ya mbao zilizosagwa, zina asidi inayozila zenyewe taratibu, ndiyo maana gazeti la zamani linakuwa na rangi ya chai na kuvunjika ukilikunja. Kuhamishia negativu kwenye bahasha isiyo na asidi ndivyo inavyotakiwa. Lakini kabla ya kuhamisha unanakili kilichoandikwa! Unakiandika kwa penseli kwenye bahasha mpya, unakiingiza kwenye katalogi, na ile ya zamani unaipiga picha au unaiweka faili lake peke yake, mbali na filamu. Ni kazi ya dakika mbili kwa bahasha. Yeye alijua kemia akasahau kwamba ndani ya ile kemia mna watu.

Hasira ilinifanya nisome. Nikagundua kwamba kosa la pili ni kubwa pengine kuliko la kwanza, nalo ni kupanga upya kwa ukubwa. Nyumbani ninalo daftari la baba la malipo. Kila aliyelipa yumo, mstari kwa mstari, kwa mfuatano uleule wa bahasha ndani ya boksi. Kama wangetupa bahasha lakini wakaacha mfuatano, ningekaa na daftari langu nikahesabu, wa kwanza ni fulani, wa pili ni fulani, na majina yangerudi mengi. Wamevuruga mfuatano, na daftari limekuwa orodha ya watu wasio na sura.

Wala siwadai jambo la ajabu. Wafaransa walitoa waraka mwaka 1841 kwa wahifadhi wao wa nyaraka za mikoa: vitu vilivyotoka kwa mtu mmoja, familia moja au ofisi moja vikae pamoja, visichanganywe na vya wengine. Baadaye ikaongezwa kwamba hata mpangilio wa mwenyewe uheshimiwe, kwa sababu mpangilio nao unasema kitu. Ni msingi wa kazi hii, wanafunzi wake hufundishwa mwanzoni kabisa.

Mjini Cologne, Ujerumani, jengo la hifadhi ya nyaraka za mji liliporomoka tarehe 3 Machi 2009. Watu waliingia kwenye kifusi na matope wakaokota vipande vya karatasi, na kazi ya kuvisafisha na kuviunganisha imechukua miaka na miaka. Jengo limeanguka na bado watu wanaokota! Hapa hakuna kilichoanguka. Hakuna mafuriko, hakuna moto. Kulikuwa na meza, taa, kiti, na pipa la taka.

Niliomba kuonana na mkubwa wao. Mkubwa akaniambia niandike barua. Niliandika. Sijajibiwa mpaka leo, na hapo ndipo nilipotaka kuwaambia watu wote: msipeleke kitu pale. Albamu zenu, barua za bibi zenu, kanda za babu zenu, kaeni nazo. Kitabu kikichapwa, nchi nyingi zina sheria inayomlazimu mchapishaji kupeleka nakala maktaba. Jambo hilo lilianza Ufaransa mwaka 1537 kwa amri ya mfalme François wa Kwanza. Lakini hakuna sheria inayoleta boksi la baba yangu. Boksi la baba yangu limeletwa na imani, basi. Mtu amebeba mwenyewe kichwani au kwenye gari, kalitua kaunta, kasema chukueni. Ukimjibu "ungebaki nazo", wa kesho hatakuja, na wala hutajua ni nani.

Nyota moja, tena kwa sababu hakuna sifuri.

Sasa nieleze kilichofuata, maana haki ni haki hata kwa mtu mwenye hasira. Wiki kadhaa baada ya barua, nilipigiwa simu na yule mama mhifadhi, aliyenusa boksi. Alikuwa amehamishiwa kitengo kingine muda mfupi baada ya mimi kuleta, na habari hizi alizisikia kwa watu. Aliniita. Nilikwenda nimejiandaa kugombana, akanikuta mlangoni, akanishika mikono yote miwili akasema, "Nisamehe, mwanangu. Ilikuwa ni ahadi yangu." Sikuwa na la kusema.

Kumbe kabla hajahamishwa alikuwa ameanza kuzipiga picha bahasha, moja baada ya nyingine, mbele na nyuma. Alikuwa amefika kama theluthi. Akanifungulia kwenye kompyuta. Nikauona mkia wa R ya baba. Nililia pale kwenye kiti cha ofisi ya watu. Theluthi ile ina majina, na majina yale yamesharudishwa kwenye bahasha zake mpya, kwa penseli, kwa mkono wake, nje ya saa zake za kazi. Alilinganisha maneno ya baba na sura: palipoandikwa "mahafali" anatafuta joho, palipoandikwa "mapacha" anatafuta mapacha. Hakuna aliyemtuma.

Mama wa jirani yangu hakuwemo kwenye theluthi ile.

Tukarudi sote watatu kwenye meza ya mwanga. Kama hujawahi kutazama negativu, kila kitu kimegeuka: nywele nyeupe, meno meusi, macho kama matundu ya mwanga. Yule mama alivaa glavu, akazipitisha moja moja mbele yetu. Jirani yangu aliinama mpaka pumzi yake ikawa inagusa kioo. Mimi nilikuwa nataka kumwambia angalia vizuri, utamjua tu ni mama yako, halafu nikanyamaza. Atamjuaje mtu ambaye hajawahi kumwona? Wengine wote wanaokuja kutafuta pale wanaweza kusema "huyu hapa, ndiye shangazi". Yeye alichokuwa nacho ni jina, na jina ndilo lililoingia pipani.

Tulipata wanawake wanne wajawazito, waliosimama, wasio na majina. Yule mama alituskania wote wanne, akageuza rangi, wakatutazama. Tumewaonyesha wazee wawili waliobaki wa ukoo wao. Mmoja anasema wa pili. Mwingine anasema si wa pili, labda wa nne, kisha akasema macho yake hayaoni vizuri. Jirani yangu aliomba nakala za wote wanne. Amezipachika ukutani zikiwa zimefuatana, na anasema asubuhi anawasalimia wote.

Kwa hiyo nyota ngapi? Kwa maktaba kama ofisi, bado moja. Barua yangu iko mahali fulani kwenye faili la mtu. Kwa yule mama, sina idadi. Ila mtu hawezi kwenda mahali akiomba Mungu amkute mfanyakazi fulani zamu yake. Chumba kile kinaendeshwa kwa moyo wa mmoja, na siku akistaafu sijui kitaendeshwa kwa nini.

Na bado siwezi kuwaambia msipeleke. Nilitaka, nimeshindwa. Nyumbani kuna joto, kuna mchwa, kuna wajukuu, kuna dari linalovuja. Wao wana chumba kikavu chenye ubaridi na mtu anayejua kunusa. Mkipeleka, pigeni picha wenyewe kila kilichoandikwa, hata kama ni kwa simu, hata nyuma ya karatasi. Fuateni mfuatano uliokuwepo. Na kwenye karatasi ya makabidhiano andikeni kwa mkono wenu kwamba hakitupwi chochote, iwe bahasha, kamba au kipande cha gazeti kilichofungiwa, bila kuwauliza. Asiyekubali kusaini hapo, rudini na boksi lenu.

Boksi la pili niliapa halitoki chini ya kitanda changu. Juzi usiku nimelivuta kutafuta kama mama wa jirani yangu huenda yumo humo. Nimefungua kifuniko, nikainama kama nilivyofundishwa. Linanuka siki, kidogo, upande wa nyuma.

Toka juzi napiga picha bahasha mezani chini ya taa, mbele na nyuma. Nimefika ya 110.