Rivyu ya kliniki ya methadoni hapa Mombasa, hasa kwa kina dada

Wengi wananiuliza kuhusu ile kliniki ninayokunywa methadoni, dawa ya kutusaidia kuacha unga (heroini), kama inasaidia kweli ama ni stori za jaba tu, sasa acha niandike mara moja tumalize. Jina siweki, foleni yake iko wazi barabarani na sitaki mtu aende kupiga picha wenzangu.

Dawa yenyewe nyota tano sina ubishi. Ni ya maji, unapewa kikombeni mbele ya nesi, unakunywa, unashushia na maji, halafu anakwambia sema kitu ajue umemeza (mie husema "asante dakta" hata kama ni kijana wa atachment), basi, umemaliza. Inashika siku nzima. Arosto (yale maumivu ya kukosa unga) haiji, tumbo halikuendeshi, mifupa haisagiki, na dozi ikishakaa sawa huoni zile stimu za unga, unakuwa tu mtu wa kawaida mwenye njaa ya mahamri asubuhi. Na ni bure. Piga hesabu ya kete (vipakiti vya unga) zako za siku moja halafu uniambie. Malindi walianza kupata hii 2015 sie Mombasa tukangoja mpaka 2017, na katikati hapo tumezika watu.

Kuingia ndio wengi wanakasirika. Huendi getini tu ukasema nataka dawa, unapitia kwanza kwa mashirika kama MEWA ama Reachout, wanakuandikisha, unakaa na kaunsela, unapimwa mkojo, HIV, TB, homa ya ini, ndio upelekwe. Watu wanasema ni usumbufu, mie naona hapo ndipo penye faida yote manake wale wa autrichi, wanaotufuata mitaani, wengi wao wametoka kwenye unga huko huko, maskani zote za wavutaji wanazijua, ukimwambia ati una malaria kumbe ni arosto anakuangalia tu halafu anacheka. Nesi unaweza kumdanganya, yule humuwezi.

Wiki za kwanza jikaze. Dozi inaanza chini inapandishwa pole pole, kwa hiyo usiku arosto bado inabisha hodi, na hapo ndipo mtu anasema wacha niongezee kakete kamoja, ama bugizi (vile vidonge vya usingizi) nilale. Usifanye hivyo wallahi. Methadoni inajikusanya mwilini kidogo kidogo, ukiichanganya na unga, bugizi ama pombe pumzi inakata ukiwa umelala na wa nyumbani wanadhani unakoroma. Manesi wanalisema hili kila asubuhi mpaka linachosha, na waendelee kulisema. Halafu kama unatumia dawa za TB sema mapema, kuna moja inaitwa rifampicin inaishusha nguvu methadoni, wasipojua utaumwa na arosto udhani umepunjwa dozi. Na ukikosa kuja siku kadhaa mfululizo dozi inashushwa, watu wanapiga kelele hapo dirishani kama wameibiwa ilhali mwili ushasahau, ile dozi ya zamani inaweza kukuua.

Sasa kina dada. Foleni ni moja, wanaume na wanawake pamoja, hakuna ukuta hakuna pazia, na stejini kuna makanga anaita "methadoni shukeni!" matatu nzima inageuka kukuangalia. Mwanaume akionekana pale watu wanasema masikini anajitahidi, mwanamke akionekana habari ishafika kwa mamake kabla hajafika yeye. Nimeona wanaovaa ninja kwa ajili ya foleni tu. Tumeshasema kwenye mkutano na kaunti, wakatuambia bajeti. Pazia ni bajeti gani jamani?

Na wewe mwenye mimba, usimsikilize shangazi anayekwambia acha unga leo leo kwa ajili ya mtoto. Kuacha ghafla mimba inaweza kutoka. Methadoni ndio madaktari wanayoshauri, na mtoto akizaliwa akawa analia sana na kutetemeka, hiyo ni arosto yake, hospitali wanaijua na inatibika, waambie wakunga mapema usifiche kwa aibu. Kliniki yetu kwa wajawazito wako vizuri mno, wanapitishwa mbele, na yule nesi wa asubuhi ana mdomo mkali lakini akiona tumbo anakutafutia kiti mwenyewe.

Kero nyingine ni kila siku. Mvua iwe inanyesha, Idi, Jumapili, unakuja, na nauli ni yako. Kama unafanya kazi kwa watu lazima tajiri akuelewe ama umdanganye kila asubuhi. Ramadhani uliza mapema saa za kunywa dawa, na usipoweza kufunga, mgonjwa ana ruhusa yake, usiache dawa kwa kuogopa macho ya majirani.

Ila shida kubwa kuliko zote ni baada ya kikombe. Saa mbili asubuhi ushamaliza, siku nzima iko mbele yako, huna kazi, na wauza kete wanajua saa tunazotoka kuliko makaunsela wanavyojua, wanasimama pale nyuma ya kibanda cha viazi wakikuita kwa jina. Kliniki hapo haina jibu. Kwa hiyo sisi wenyewe wanawake tumejipangia, mgeni hatoki getini peke yake, mmoja anamsindikiza mpaka apande matatu, kama hana nauli tunachanga, na mwenye biashara ya kaimati ama kusuka anaenda naye ashinde naye huko. Wengine wanarudi kwa unga hata hivyo, tukikutana nao tunawaambia foleni bado ipo.

Kwa ujumla nyota nne, ya tano wataipata siku wakiweka lile pazia. Ukija na mtoto beba maji na kitu cha kutafuna, na uliza wale wanawake wanaokaa upande wa tangi la maji, tupo pale mpaka saa nne hivi. Jumapili dirisha linafungwa mapema, msije saa sita halafu mnilaumu mie.