TAHADHARI: Anayeuza watoto wa "Maltese" hapa Mwanza

Ndugu zangu mnaofuga mbwa wadogo, na hasa ninyi mnaotaka kumnunulia mzazi mbwa wa kukaa naye ndani, kuna muuzaji anasambaza picha kwenye makundi ya WhatsApp akisema ana Maltese halisi, ile aina ya mbwa wadogo weupe wenye nywele ndefu. Naomba msimpe hela. Shangazi yangu alimpa laki tano, na mtoto wa mbwa aliyemleta amekufa.

Huyu mtu hakubali ufike kwake. Mama wa watoto yuko Nairobi. Ukimuuliza tena, yuko Dar. Anataka nusu ya hela kwanza kwa simu, halafu mnakutana Buzuruga, mtoto yuko ndani ya boksi na yeye ana haraka. Anakuachia kadi ya chanjo, anaondoka.

Kadi hiyo nimeishika mkononi. Inasema mtoto ana wiki 9 na ameshachanjwa kichaa cha mbwa, wakati chanjo hiyo kwa kawaida hutolewa kuanzia miezi 3. Muhuri wa daktari hakuna, stika ya kichupa cha chanjo hakuna. Nikamfungua mdomo mtoto mwenyewe: meno ya mbele ndiyo kwanza yanachomoza, ya nyuma hayapo kabisa. Mtoto wa wiki 8 huwa na meno yote 28 ya utotoni. Yule hakuwa amefikisha hata wiki 5.

Ujanja wake wote uko hapo. Katika umri huo mtoto yeyote mweupe mwenye manyoya unaweza kumwita Maltese. Hata Spitz, aina nyingine ya mbwa ambaye masikio yake husimama akikua, akiwa mchanga yamelala. Akiachwa akue siri inatoka, maana Maltese masikio yake hayasimami, na nywele zake ni za tabaka moja, hazina sufi chini, na huzidi kurefuka. Kwa hiyo anawatoa kwa mama wakiwa bado wananyonya ili usijue unauziwa nini, na kuwahi huko ndiko kunakowamaliza.

Mtoto mdogo hivyo hana akiba mwilini. Akikosa kula saa chache sukari inashuka: anatetemeka, anayumba, analegea. Mpake asali au maji ya sukari kwenye fizi, usimmiminie kooni, kisha mkimbize kwa daktari wa mifugo. Mbwa wa shangazi alivuka hapo. Akaja kutapika na kuhara damu, na daktari akasema ni parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Muuzaji alipopigiwa simu akaahidi kuleta mwingine wa bure. Shangazi alikuwa tayari kumpokea, nikamkatalia katakata. Kirusi cha parvo hukaa miezi mingi kwenye udongo na sakafu, sabuni ya kawaida haikiui, panahitaji dawa ya klorini. Mtoto mwingine asiye na chanjo angeingia nyumba ile ile na kufa kifo kile kile.

Inaniuma kwa sababu alichokitaka shangazi kilimfaa kweli. Amestaafu, anaishi peke yake Pasiansi. Maltese ni mbwa wa mapajani, wa kilo 3 hadi 4, anakufuata kutoka chumbani hadi jikoni na akiachwa peke yake analia. Anamfaa mtu anayeshinda nyumbani. Ila anahitaji kuchanwa kila siku, la sivyo nywele zinasokotana hadi ngozi inamuuma. Afutwe machozi chini ya macho. Apigwe mswaki, maana mbwa wadogo fizi zao huharibika mapema. Na huku kwetu samaki hawakosi, basi mifupa ya sato na sangara asipewe. Muuzaji mwenye utu angemweleza hayo kabla ya kutaja bei. Huyu hakumuuliza hata kama amewahi kufuga mbwa.

Kwa muuzaji yeyote, nenda umwone mama akiwa na watoto wake, palepale wanapoishi. Mtoto awe na wiki 8 au zaidi, na daktari wa mifugo amtazame kabla hela haijatoka. Ukiambiwa mama yuko mkoa mwingine, rudi nyumbani.

Shangazi ameripoti polisi. Kama na wewe ulinunua kwa mtu huyu, tunza ujumbe wake na risiti za muamala, ukaripoti pia. Ujumbe wa kitapeli unaweza kuutuma kwenda 15040. Namba anabadilisha, kwa hiyo angalieni mtindo wake: Buzuruga, boksi, kadi isiyo na muhuri. Wiki hii ametangaza watoto wengine wanne weupe, na anasema wawili wameshawekewa oda.