Mfanyakazi wa ndani, mhudumu wa kampuni au ndugu? Tulivyomuuguza mama nyumbani

Mama alipata kiharusi mwaka jana, upande wa kulia ukalegea. Tulipomrudisha nyumbani Mbagala kutoka Muhimbili, swali la kwanza kwenye kikao cha ndugu lilikuwa nani atamwogesha. Kaka zangu isingewezekana, mama ana stara yake. Mimi narudi kazini magharibi.

Tulianza na dada wa kazi tuliyekuwa naye. Anampenda mama kweli, lakini apike, afue, na mgonjwa juu yake! Tena hakuna aliyemfundisha. Siku moja alimnywesha uji akiwa amelala chali, mama akapaliwa mpaka macho yakamtoka. Wiki ya tatu nikaona wekundu juu ya makalio, na vidonda vya mgandamizo, vya kulala muda mrefu bila kugeuzwa, huanzia hapo. Kosa lilikuwa letu, si lake.

Tukachukua mhudumu wa kampuni inayohudumia wagonjwa majumbani, wa kulala humo humo. Kazi anaijua: anamgeuza kila baada ya saa 2, anamkalisha wima wakati wa kula na kumwacha hivyo nusu saa, presha anaiandika kwenye daftari asubuhi na jioni. Wekundu ukaisha. Ila malipo yalipita mara nne ya mshahara wa dada, na kampuni haikutulia na mtu mmoja. Miezi miwili, wahudumu watatu. Alipofika wa tatu, mama aligoma kuoga siku mbili. "Mwanangu, nivuliwe nguo na watu wangapi?" Neno hilo liliniuma kuliko gharama.

Sasa yupo binti wa mama mdogo, kutoka Kibiti. Tunamlipa mshahara na Jumapili anapumzika, maana undugu usiwe sababu ya kumtumikisha mtu bure. Muuguzi anakuja mara mbili kwa wiki, anakagua ngozi na presha, kisha anamwelekeza binti kwa vitendo. Jumamosi ni mtu wa mazoezi ya viungo.

Kama mgonjwa wako ana mpira wa mkojo au analishwa kwa mpira, usiige njia yetu; huyo anahitaji mwenye taaluma karibu. Na ukienda kwa kampuni, kabla ya kusaini uliza kama atakuja mtu yule yule kila siku. Sisi hatukuuliza.

Juzi mama amejifunga khanga kwa mkono wa kushoto, binti akimshikia pindo moja tu.