Darasa la mwili Mbeya: mwalimu hataki watu wapumzike

Darasa linatangazwa kuwa la kuufahamu mwili kwa mjongeo na ngoma, halafu mwalimu mwenyewe hawezi kuvumilia kimya cha dakika moja! Sirudi pale.

Anayeijua somatiki, yaani mazoezi ya polepole ya kuusikiliza mwili kutoka ndani, anajua kazi inavyokwenda. Unalala chali, magoti juu, nyayo sakafuni. Goti la kulia unaliachia lielekee nje, unalirudisha, mara nane hadi kumi, bila kufika mwisho wa uwezo wako. Kisha unanyoosha miguu yote, unatulia dakika moja au mbili na kulinganisha: mguu upi unahisi mrefu, kisigino kipi kinalemea sakafu, kiuno kimeinuka zaidi upande gani. Ndipo unahamia kushoto. Moshe Feldenkrais, mmoja wa waasisi wa mazoezi ya aina hii, aliyefariki 1984, alisisitiza kwamba nguvu ikipungua, tofauti ndogo ndipo zinahisika. Ukikaza msuli, hutambui kitu. Kwa hiyo ukikata mapumziko umekata somo lenyewe.

Sasa huyu bwana, upande wa kulia ukiisha tu, makofi: "Haya haya, kushoto, twende!" Mama mmoja mtu mzima alibaki ametulia, macho amefumba, anafanya sawasawa kabisa. Akaenda kumsimamia kichwani: "Mama, umekuja kulala? Kitanda si kiko nyumbani?" Watu wakacheka. Mama wa watu akakaza taya, pumzi ikapanda kifuani, mabega yakasogea masikioni. Kazi yote ya asubuhi ikafutika pale pale. Hata shikamoo hakumpa, anamletea habari za kitanda!

Hakuishia hapo. Alimshika goti akalisukuma chini, bila kuomba ruhusa. Goti likigoma kushuka kwenda nje, mara nyingi kilichokaza ni nyonga. Ukilazimisha, goti ndilo linalosokotwa, na goti kazi yake kubwa ni kukunja na kunyoosha. Mwalimu wa viungo asiyejua hilo anafundisha nini?

Na baridi je? Sakafu ya simenti, Mbeya, mwezi wa Julai, mkeka mmoja mwembamba. Mtu anayetetemeka misuli inajikaza yenyewe, hata umwambie alegee mara mia. Blanketi mbili chini, kitenge kilichokunjwa chini ya kichwa, soksi miguuni: ni gharama gani hiyo?

Haya, haki yake mtu apewe. Binti anayemsaidia alishika kipindi cha ngoma, na yule anajua. Aliwaambia watu waweke vidole kwenye mkunjo wa kinena, wainue goti polepole, wasikie paja linakunjia wapi. Wengi hudhani nyonga ni ule mfupa wa pembeni tunaoshikia mikono kiunoni, ndiyo maana wakiambiwa wainame wanakunja mgongo. Baada ya hapo akaleta mdundo wa sindimba, taratibu sana, magoti yamelegea, na viuno vikazunguka bila mgongo kukakamaa. Waliokuwa wagumu kama gogo walicheza. Kwa kipindi kile peke yake ningelipa ada yote, tena bila kudai punguzo.

Nasikia Jumamosi binti yuko peke yake. Basi Jumamosi labda, na blanketi nibebe mwenyewe. Ila yule mama aombwe radhi kwanza, tena mbele ya wale wale waliocheka.