Bunduki ya wenzo ya .22: ipi inafaa kwa mkaazi wa Mombasa

Huku kwetu adui wa kwanza wa bunduki ni hewa ya bahari. Uishi Nyali, Likoni au Mtwapa, chumvi inakufuata hadi ndani ya kabati, na mtutu uliosahauliwa msimu wa kusi utaukuta na madoa ya kutu. Kwa hivyo hapa nimezipanga bunduki kwa kigezo kimoja kikubwa: ipi inafunguka kwa urahisi ikasafishika mpaka ndani. Uzuri wa mbao nimeuweka nyuma.

Kabla ya yote, karatasi. Kwa mujibu wa Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hununui wala humiliki bila cheti, na cheti chenyewe hutaja aina ya silaha na kiasi cha risasi unachoruhusiwa. Waliokuwa na bunduki Desemba 2018 wanakumbuka serikali ilivyowapa siku 90 wakahakikiwe upya. Usiweke arbuni dukani kabla ya kibali. Na sababu yako iwe shabaha, maana uwindaji ulipigwa marufuku Kenya tangu 1977.

Sasa bunduki yenyewe. Risasi ya .22, yaani nyembamba yenye upana wa inchi 0.22 hivi, ina unga wa kuwashia ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, na pini huuponda ukingo huo. Kishindo ni kidogo na teke la begani karibu halipo, ndiyo maana anayeanza hujifunza kulenga bila kufumba macho. Wenzo ni ule mkono wa chuma chini ya bunduki, karibu na kifyatulio, wenye nafasi ya vidole. Ukiushusha, ganda tupu linaruka. Ukiurudisha, risasi nyingine inaingia chumbani kutoka kwenye bomba lililo chini ya mtutu.

Namba moja naipa Marlin 39A. Ukoo wake unaanzia mwaka 1891, na 39A yenyewe ilitoka 1939. Ni ya chuma kitupu, mtutu wa inchi 24, nzito kiasi, na uzito huo husaidia mkono usitikisike. Lakini kilichoniteka ni skrubu moja kubwa ubavuni. Unahakikisha bunduki ni tupu, unailegeza kwa sarafu, unagonga kidogo kwa kiganja, na bunduki inaachana vipande viwili mkononi mwako. Hapo ufito wa kusafishia unaupitisha kutokea nyuma, upande wa chumba cha risasi, na mdomo wa mtutu hauguswi. Mdomo ukichubuliwa na ufito, shabaha inaharibika, na hakuna darubini itakayokuokoa. Shida ya Marlin ni kwamba utapata iliyotumika, basi uikague kwa makini.

Ya pili ni Winchester 9422, iliyotengenezwa kuanzia 1972 hadi 2005. Nayo inafunguka kwa skrubu moja, na wenzo wake ni mlaini ajabu. Ukiikuta iliyotunzwa kabla ya kuiona Marlin nzuri, ichukue bila kusita.

Anayetaka mpya kabisa, namba tatu yangu ni Henry H001, na hapa najua wengine watabisha. Mwili wake ni wa aloi ya zinki, na wapenzi wa chuma wanaidharau kwa hilo. Lakini kwa Pwani aloi hiyo haioti kutu nyekundu; kazi inabaki kwenye mtutu na wenzo. Inabeba risasi 15, ni nyepesi, kama kilo mbili na nusu, na mwendo wake ni laini tangu siku ya kwanza. Upungufu ni kwamba inasafishwa kutokea mbele, kwa hivyo nunua pamoja nayo kilinda mdomo cha ufito.

Nne ni Browning BL-22, inayotengenezwa Japani na Miroku. Wenzo wake husogea nyuzi 33 tu, na kifyatulio hufuatana nao, kwa hiyo kidole hakibanwi. Kwa kasi na kwa mkono mdogo hakuna inayoishinda. Nimeishusha kwa sababu si rahisi kuifungua ndani, na huku hiyo ni kasoro ya kweli.

Ya tano, Rossi Rio Bravo ya Brazili, itazame kama bajeti ni finyu. Chagua yenye kitako cha plastiki; hakivimbi kwa unyevu.

Ukinunua iliyotumika, mulika ukingo wa chumba cha risasi kwa tochi. Ukiona kidonda kidogo pale pini inapopiga, mtu ameifyatua tupu mara nyingi, na risasi zitasumbua kuingia au kutoka. Kisha vuta bomba la ndani la risasi: likiwa limepinda au springi imechoka, bei ishuke. Na hata muuzaji akiapa kuwa ni tupu, elekeza mtutu mahali salama, shusha wenzo mara kadhaa, kisha mulika chumbani na kwenye bomba ujihakikishie. Risasi hupenda kujificha kwenye bomba.

Nyumbani, usiilaze kwenye mfuko wa ngozi wala ule wa sponji. Vyote hukamata unyevu. Iweke ndani ya sefu iliyofungwa ukutani, na vipakiti vya kufyonza unyevu, risasi zikiwa mahali pengine penye kufuli lake. Ukitoka uwanjani ipanguse jasho la vidole kwa kitambaa chenye mafuta siku hiyo hiyo.

Piga shabaha kwenye uwanja ulioidhinishwa wenye tuta la udongo nyuma. Risasi ya .22 husafiri zaidi ya kilomita moja, na ikigonga maji hudunda ikaendelea. Kwa hivyo usielekeze mtutu baharini wala upande wa hori la Tudor au Mtwapa, hata kama huoni mashua.