Igizo la Susi na Chuma hapa Bagamoyo: uzoefu wangu

Kiingilio ni shilingi 5,000 kwa mtu mzima na 2,000 kwa mtoto. Naanza na hilo kwa sababu ndilo swali la kwanza ninaloulizwa tangu Jumamosi, na jibu langu ni kwamba hela yangu imerudi. Nililipa kwa simu pale getini, nikaandikiwa tiketi kwa mkono, tukakaa safu ya tatu kwenye viti vya plastiki: mimi, mama yangu na mtoto wa kaka yangu wa darasa la sita. Tuliambiwa saa moja usiku. Walianza saa mbili na robo.

Nafundisha Historia sekondari hapa Bagamoyo, mwaka wa kumi na nne sasa. Kila mwaka nawapeleka wanafunzi Misheni ya Katoliki, tunasimama chini ya mnara wa kanisa la zamani, tunasoma kibao kinachosema kuwa Daktari David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi wa Kiskoti, alipita katika mlango ule. Kila mwaka nawaeleza kwamba hakupita kwa miguu yake. Alikuwa maiti ya miezi tisa, amebebwa mabegani. Nikiuliza alibebwa na nani, darasa zima kimya. Kwa hiyo niliposikia kuna vijana wa hapa hapa mjini wameandaa igizo kuhusu Abdallah Susi na James Chuma, walioongoza wapagazi waliombeba, nilikata shauri kwenda hata kabla sijajua litachezwa wapi. Lilichezwa kwenye uwanja wa nyumba ya zamani Mji Mkongwe, jukwaa limeelekezwa baharini.

Jambo la kwanza walilolipatia, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kwamba Livingstone hasemi neno. Pazia likifunguka tunamwona kwa nyuma, amepiga magoti kando ya kitanda cha fito, kibatari kinawaka. Kijana Majwara, aliyekuwa akilala karibu naye, anaingia, anamtazama, anarudi nyuma polepole, kisha anatoka mbio kumwita Susi. Ndivyo alivyokutwa kijijini kwa Chitambo, katika nchi inayoitwa Zambia leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Kuanzia hapo hadi mwisho mzungu ni mzigo. Nimeshaona filamu za Marekani na Uingereza kuhusu wavumbuzi hawa, kuanzia ile ya mwaka 1939 ambayo Spencer Tracy anacheza Stanley, mwandishi wa habari aliyekwenda kumtafuta Livingstone. Ndani yake wapagazi wanaimba, wanaugua, wanakimbia, na kamera inawapita kama inavyopita miti. Hapa kamera, tuseme hivyo, imegeuzwa. Wanaofikiri na kubishana ni wapagazi, na aliyekaa kimya ni bwana mkubwa.

Sehemu ya Chitambo imechezwa vizuri sana. Wanazika moyo wa Livingstone chini ya mti, Jacob Wainwright, mmoja wa wapagazi, anasoma sala na kuchonga maandishi kwenye gome, mwili unatiwa chumvi na kuanikwa juani kwa siku 14. Niliogopa wangeifanya iwe ya kutisha ili mradi watu wapige kelele. Hawakufanya hivyo. Mwanga unabadilika, ngoma moja inapigwa mara 14, na kila ikipigwa Farjallah, mwenzao wa msafara, anaugeuza mwili kidogo. Mama alinishika mkono. Aliniambia baadaye kwamba alikumbuka jinsi walivyomwosha baba yake.

Halafu ukaja ufungaji. Merikani kwanza, ndiyo nguo ya wakati ule, kisha gome la mti lililobanduliwa zima kama ala, kisha turubai la tanga, kisha mti mrefu wa kubebea katikati, watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma. Nilipozungumza na wachezaji baada ya onyesho waliniambia ndani wameweka mchanga, mzito kweli, kwa sababu mazoezini walikuwa wakibeba mzigo mwepesi na mwongozaji wao akawaambia wanadanganya. Nilikuwa nimeliona hilo kabla sijaambiwa. Yule aliyecheza Chuma alipofika mara ya tatu kuzunguka jukwaa, bega lilikuwa linatetemeka. Safari yenyewe ilizidi kilomita 1,500, ikachukua miezi tisa, na baadhi yao walikufa njiani. Tuliosoma tunazijua tarakimu hizo, lakini bega lile limenifunza kitu ambacho sijawahi kuwafundisha wanafunzi wangu.

Sasa nije kwenye kipande ambacho ningelipa shilingi 5,000 nyingine kukiona peke yake.

Wamefika Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, Oktoba 1873, wakakutana na msafara wa Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Cameron anawashauri wamzike pale pale. Wanakataa. Wanaendelea, na mbele yao wenyeji wanakataa maiti isipite katika nchi yao. Hapo ndipo wapagazi walipofanya hila ambayo mwandishi wa tamthilia akiitunga mwenyewe utamwambia amezidisha. Walikata mabua ya mtama, wakayafunga kwa nguo yakawa na umbo la maiti, wakayabeba kwa huzuni kubwa kana kwamba wanarudi Unyanyembe kuzika. Mwili wenyewe wakaufunga upya, ukawa mfupi na mnene kama robota lolote la nguo.

Robota hilo wapagazi wa zamani waliliita mtumba. Vijana hawa wanalijua hilo na wamelitumia. Mzee wa kijiji anauliza, "Na hicho ni nini?" Susi anajibu bila kupepesa macho, "Mtumba tu, mzee." Uwanja mzima uliangua kicheko, maana sote pale tumevaa mitumba ya sokoni. Kicheko hakijaisha, Chuma akaweka kiganja juu ya lile robota, kidogo tu, kama mtu anayemtuliza mtoto. Watu wakanyamaza wote. Sijui ni nani aliyewaza kiganja kile. Nampa heshima yangu.

Na wale waliobeba mabua wanatembea hadi porini, tena gizani, wanayatupa bua moja moja huku na huku ili yasionekane pamoja. Jukwaani pori ni sisi. Walishuka katikati ya viti na kutudondoshea mabua miguuni. Mama aliokota moja akaliweka mapajani hadi mwisho.

Tulipata burudani ya sauti pia. Kirangozi anayeongoza msafara anapuliza pembe kweli, si ya kurekodi, na nyimbo za wapagazi wamezichanganya na maneno ya Kinyamwezi, jambo ambalo ni sahihi kwa sababu wapagazi wengi wa njia ya Tabora hadi Bagamoyo walikuwa Wanyamwezi. Ila vipaza sauti vya kubandika kifuani ni balaa. Ni msimu wa kusi, upepo unatoka baharini moja kwa moja, na nusu ya kwanza ilikuwa mvumo mtupu. Nilikosa karibu maneno yote ya baraza la Chitambo, pale wanapowachagua Susi na Chuma kuwa wakubwa wao. Kipindi cha pili vilizimwa, sijui kwa makusudi au viliisha chaji, wakatumia vifua vyao, na kila neno lilifika hadi safu ya nyuma. Naomba vibaki vimezimwa.

Maleba nayo yaangaliwe. Kanzu za Susi na Chuma ni nyeupe na zimepigwa pasi hadi siku wanayoingia Bagamoyo. Miezi tisa ya matope ya ziwa Bangweulu na vumbi la Ugogo haiachi kanzu namna ile. Pia lugha: mara mbili tatu Chuma anaongea kama kijana wa kijiweni, na kila akifanya hivyo natolewa mwaka 1873 na kurudishwa stendi.

Linalonisumbua zaidi ni Susi mwenyewe. Kijana aliyemcheza ana sauti nzuri na anasimama vizuri, lakini hana hata chembe ya woga. Tangu mwanzo anajua watafika. Ebrahim Hussein alipomwandika Kinjeketile, tamthilia iliyochapishwa mwaka 1969, alimpa shaka moyoni, na ndiyo maana hadi leo tunaisoma na kuicheza. Shujaa asiye na shaka anakuwa sanamu. Susi halisi aliajiriwa na Livingstone mwaka 1863 kule Zambezi. Chuma, Myao, alikombolewa kutoka kwa wauza watumwa akiwa mtoto mwaka 1861. Watu wa namna hiyo, wameachwa na maiti katikati ya nchi ngeni, na kama wangeikimbia nani angewalaumu, haiwezekani hawakukaa usiku wakajiuliza. Hapo ndipo palikuwa na igizo zima. Limepitishwa kwa dakika tano, tena dakika zile zile za mvumo.

Na Halima. Halima alikuwa mpishi wa msafara, na Livingstone aliandika katika shajara yake kwamba wakifika Zanzibar atamnunulia nyumba na bustani. Igizo linaitaja ahadi hiyo kwa sentensi moja, dada anayemcheza anatabasamu vizuri, kisha hatumsikii tena hadi mwisho ingawa yumo kwenye kila tukio amebeba sufuria. Mama aliniuliza njiani, "Sasa yule mpishi alipewa nyumba yake?" Nilimwambia aliyeahidi alikufa. Mama akasema, "Basi wangemwacha aseme hivyo mwenyewe."

Mwisho wa igizo ndio uliofanya nibaki nyuma kumtafuta mwongozaji. Kwenye igizo Susi na Chuma wanapanda meli pamoja na mwili, wanafika London, wanasimama kanisani wamevaa makoti meusi, kengele inalia, watu wanapiga makofi. Ni picha nzuri, nakubali. Lakini haikuwa hivyo. Februari 1874 mwili ulilazwa kanisani hapa Misheni, ikaja meli ya kivita ya Kiingereza ikauchukua hadi Zanzibar, wapagazi wakalipwa mishahara yao na kuambiwa kazi imekwisha. Kati ya wale walioubeba, aliyesafiri nao hadi Uingereza ni Jacob Wainwright peke yake. Alikuwa mmoja wa waliosindikiza jeneza Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, mazishi yamekwisha, wakasaidia kuandaa shajara za mwisho za Livingstone zichapishwe. Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882, Susi mwaka 1891.

Nilimwambia mwongozaji yote haya. Ni kijana mwenye adabu, alinisikiliza amesimama wima kama yuko darasani. Kumbe anajua. Akanijibu, "Mwalimu, watu wametembea nao saa mbili. Nikiwaacha ufukweni, watazamaji wataondoka na uchungu."

Nikamwambia, "Waondoke nao, mwanangu."

Nilimwonyesha kwa mkono. Kutoka pale jukwaani hadi ufukweni ni mwendo wa kumaliza kuongea sentensi chache. Mwili ule ulipita hapa. Watu waliotoka nao Chitambo walisimama mahali fulani kwenye mchanga huu wakaangalia ukipakiwa, mikono mitupu kwa mara ya kwanza tangu Mei iliyotangulia. Mji gani mwingine duniani unaweza kucheza tukio hilo penyewe lilipotokea? London wana kaburi. Sisi tuna ufukwe. Kama ningekuwa mimi, ningewatoa watazamaji vitini, niwafanye wafuate ule mzigo hadi majini kwa taa za kandili, niuondoe kwa mtumbwi, halafu niwaache Susi na Chuma wamesimama tu. Bila kengele. Alisema atalifikiria. Nilimwona ameandika kitu kwenye simu yake.

Kwa anayetaka kwenda: wanacheza Ijumaa na Jumamosi. Fika saa mbili kasoro, hutakosa kitu. Kaa upande wa kushoto, kulia kuna jenereta inanguruma na harufu ya mafuta inakufikia. Chukua kanga ya kujifunika au sweta, upepo wa usiku si wa mchezo. Choo kipo na ni kisafi. Getini kuna mama anauza kachori na chai ya tangawizi, kachori zake za moto, ila anafunga mapema. Watoto chini ya miaka minane nadhani watachoka kwenye safari ya katikati, ingawa mtoto wa kaka yangu hakusinzia hata mara moja na tangu juzi anafunga mito kwa shuka na kuipitisha sebuleni na mdogo wake.

Nimeshakubaliana nao bei ya shule. Jumamosi ijayo nakwenda na kidato cha pili, wanafunzi 41, kwa shilingi 1,500 kila mmoja, na nimeomba tukae safu za mbele zote mabua yatakapotupwa.