Praima ya kopo au ya brashi? Yaliyonikuta na sanamu za milimita 28

Praima ni rangi ya msingi, inayopakwa kwanza ili rangi nyingine zishike. Kwa sanamu zangu ndogo, za kimo cha kama milimita 28, nilianza na kopo la kupuliza. Sanamu ya kwanza ilitoka safi, nikajiona fundi. Ya pili, askari wa resini (plastiki ngumu inayomiminwa kwenye kalibu) mwenye ndevu ambaye nilikuwa na hamu naye wiki nzima, akatoka kama kamwagiwa unga. Ukimsogeza kwenye taa unaona chembechembe mashavuni. Nilikuwa nimepuliza kutoka mbali mno, rangi ikakauka hewani kabla haijamfikia. Ikabidi spiriti na mswaki mkuukuu.

Nikahamia praima ya chupa, ya akriliki, ya kupaka kwa brashi. Hainiumizi kichwa kwa harufu, na naipaka mezani hata mvua ikinyesha. Ila ina vituko vyake. Ukiipaka nzito inajaa kwenye mikunjo ya nguo. Kwenye resini ilinikimbia kabisa, ikajikusanya kama matone juu ya jani la mgomba. Kosa langu: sikuiosha sanamu. Resini hutoka kwenye kalibu na mabaki ya mafuta, na bila sabuni na maji ya uvuguvugu praima haishiki.

Halafu subira. Baada ya nusu saa ilikuwa kavu mkononi. Nikaikwaruza kwa ukucha, ikabanduka kama ganda la kitunguu. Nyingine niliyoiacha hadi kesho yake haikutoka hata chembe. Siku hizi napaka matabaka mawili mepesi, kisha siigusi.

Kuhusu rangi ya praima, mimi ni wa kijivu. Nyeusi husitiri pale brashi isipofika, lakini jaribu kupaka njano juu yake uone utakavyorudia. Nyeupe huzing'arisha rangi nyepesi na hapohapo hukuumbua kila uliporuka.

Kopo sijalitupa. Nikishapaka sanamu yote praima nyeusi, napuliza nyeupe kidogo kutokea juu tu, na vivuli vinajipanga vyenyewe. Brashi haiwezi hilo kirahisi. Nalitikisa dakika mbili nzima, nakaa sentimita 20 hadi 30, naanza kupuliza pembeni ya sanamu ndipo napita juu yake, nje na barakoa usoni, siku isiyo na unyevu. Na kilima cha povu la plastiki, mandhari ya sanamu zangu, nakiweka mbali, maana kile cha kwanza kilipuliziwa rangi ya kopo kikayeyuka mbele ya macho yangu.

Yule askari alisafishika, isipokuwa punje chache zilizogoma kwenye ndevu. Nimezipaka mvi.